Bingwa wa Nini?

Wiki jana nimekutana na tangazo: watoto wa mbwa aina ya Border Collie wanauzwa, bei ya kushtua, na chini yake imeandikwa "baba yao ni bingwa, ametoka Marekani." Watu walikuwa wanauliza tu kama bei inapungua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lenyewe: bingwa wa nini?

Hebu tuongee. Huyu mbwa alitokana na kazi ya kuchunga kondoo mpakani mwa England na Uskoti. Lakini Marekani, kwa American Kennel Club, kuna ubingwa wa aina mbalimbali. Ukiona CH mbele ya jina, huyo ni bingwa wa maonyesho. Ameangaliwa umbo, mwendo na manyoya. Inawezekana hajawahi kuona kondoo maisha yake yote. Ukiona HC, huyo ni bingwa wa kuchunga. Zinafanana, ndio, lakini hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Na HC haiji hivi hivi. Kawaida mbwa anaanza na HT: atembeze mifugo, awageuze, asimame akiambiwa, arudi akiitwa. Ni kupita au kuanguka, na lazima apite mara mbili, kwa waamuzi wawili tofauti. Kisha PT, mtihani mgumu kidogo. Halafu ndio mashindano yenyewe: HS, HI, HX. Hapo alama ni 100, na asipofikisha 60 hajafuzu. Tena ni lazima apate angalau nusu ya alama za kila kipengele. Kila ngazi anafuzu mara tatu, kwa waamuzi watatu tofauti. Akishapata HX, bado anatafuta pointi 15 ndio aitwe HC.

Mimi napenda sana hilo neno "tofauti". Mwamuzi mmoja anaweza kuwa rafiki yako. Siku moja kondoo wanaweza kuamka wapole. Lakini mara tatu, kwa watu watatu? Hiyo si bahati tena, huyo mbwa anajua kazi.

Kuna wafugaji Marekani wamechukulia hii mambo serious kabisa. American Border Collie Association humfuta kwenye daftari lake mbwa anayepata ubingwa wa maonyesho. Ni ukali, lakini nawaelewa. Ukichagua wazazi kwa manyoya tu, baada ya vizazi kadhaa utabaki na mbwa mrembo anayewaangalia kondoo kama watalii.

Sisemi herufi ni mbaya. Nasema zisome. HT ni kama darasa la kwanza, si digrii, kwa hivyo mtu asikuuzie HT kwa bei ya HC. Uliza ni herufi gani hasa, uone cheti, kisha uombe video mzazi akiwa na mifugo. Muuzaji akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Na hata kama baba ni HC kweli, kumbuka cheo hakirithiwi. Mtoto wa daktari haandikii watu dawa. Huyo mdogo atahitaji mafunzo, nafasi na kazi. Kama unakaa bedsitter na huna hata kuku mmoja, boss, unamnunulia nani huyo bingwa?