Mvua ya parseli yako isimwangukie jirani
Safu ya Jumamosi, na Mwamba Kasongo

Anayejenga Kolwezi siku hizi huanza na ukuta wa uzio na kumaliza na pave. Maji yatapita wapi, hilo haliulizwi. Bati linapauliwa, saruji inajaza uwanja mpaka getini, na chini ya geti fundi anaacha tundu ili mvua itoke barabarani. Katika nyumba nyingi mpya za kata za Manika na Dilala, tundu hilo ndilo mpango mzima wa maji, hata katika zile zinazopangishwa kwa dola kwa wahandisi wa migodi.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Parseli ya mita 20 kwa 25 iliyofunikwa yote, ikipigwa na mvua kubwa ya milimita 50, inatema lita 25,000. Ziwe parseli ishirini kwenye avenyu moja yenye mteremko: lita nusu milioni, zote zinakimbilia mtaro uliochimbwa kwa ajili ya maji ya barabara. Mtaro wenyewe umejaa chupa na mifuko. Anayeishi mwisho wa mteremko ndiye anayeamka usiku kuinua magodoro.

Na Agosti ikifika, watu haohao wananunua maji kwa bidoni, au wanachimba foraji, kila mmoja yake. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka zinapita milimita 1,000. Kwa hiyo paa la mita 100 za mraba hupokea zaidi ya lita 100,000. Ondoa robo kwa yanayopotea, bado ni bidoni za lita 20 zaidi ya 3,700. Sisemi tangi la lita 5,000 la kukinga maji ya paa litaivusha familia kiangazi chote, halitaivusha. Lakini kwa miezi ya mvua mama hatalipia maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo wala ya choo.

Mji huu haukuanza hivi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipouanzisha mwaka 1937, nyumba zilipewa uwanja wenye udongo, miembe na bustani, na ardhi ilikunywa sehemu ya mvua. Ulikuwa mji wa ubaguzi, sitauremba. Ila kampuni ilijua kwamba mtaro usiozibuliwa ni hasara yake. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikarithi kazi ya kuzibua mitaro, kisha ikadhoofika, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi wake 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, bei ya ardhi ikapanda, na parseli moja ikakatwa mbili, tatu. Bustani ilikuwa ya kwanza kutoweka.

Nikirudi kwenye tangi, kuna onyo ambalo wauza matangi hawalisemi. Hapa tunaishi katikati ya mashimo ya migodi, na malori ya madini yanapita mlangoni. Mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha utafiti kuhusu Kasulo, kartye ambako watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa watoto. Vumbi hilo linatua pia kwenye bati. Mvua ya kwanza ioshe paa na imwagwe, na maji ya tangi yasiwe ya kunywa wala ya kupikia. Chujio la kitambaa halitoi metali iliyoyeyuka majini, na kuchemsha hakuiondoi.

Tangi likijaa, ziada iende kwenye shimo la mawe ndani ya parseli, mbali na choo, kisima na msingi wa nyumba. Lakini si kila mahali. Palipo na mashimo ya kreuseri, yaani wachimbaji wadogo, chini, kuingiza maji ardhini ni kuita nyumba iporomoke. Huko ziada ifuate mtaro uliojengwa vizuri, na kazi hiyo ni ya serikali.

Serikali haina kisingizio cha mfuko mtupu. Sheria ya madini ya 2018 inatenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka za mitaa panapochimbwa. Kata za Kolwezi zinakaa juu ya shaba na kobalti. Sehemu ya fedha hiyo ichimbe mabwawa ya kupunguza kasi ya maji kabla hayajafika Musonoie na Luilu, mito inayoishia katika mto Lualaba, na iwalipe watu wa kuzibua mitaro mwezi Septemba, si Januari wakati kamera zimeshafika.

Kwa ofisi ya mipango miji nina ombi moja, na halihitaji fedha: mchoro usioonyesha tangi, njia ya ziada na sehemu ya uwanja iliyoachwa udongo, usipigwe muhuri. Kigali wanadai maji ya paa yavunwe wanapotoa vibali vya ujenzi, na wana milima mikali kuliko yetu. Ofisi ianze na majengo ya kupangisha, kwa sababu wenye nayo wana uwezo. Nawe, papa mwenye parseli, kabla fundi hajamwaga saruji wiki ijayo, mwambie aache theluthi ya uwanja.