Mbunge Anapohama, Kura Yetu Huhamia Wapi?

Katika Gusii ni mambo machache yaliyotugharimu kama desturi ya viongozi wetu kuingia Bungeni kwa mlango mmoja na kuketi kando ya mlango mwingine. Tumeyaona haya katika Wilaya ya Kisii ya zamani, tukayaona Nyamira na Gucha zilipokuwa wilaya, na tangu mwaka 2013 tunayaona katika kaunti zetu mbili. Uchaguzi Mkuu ujao umewekwa na Katiba kuwa tarehe 10 Agosti 2027. Tumeona ni wajibu wetu kulisema jambo hili mapema, kabla ngoma hazijaanza kupigwa na kabla bahasha hazijaanza kupelekwa katika harambee za kujenga makanisa.

Tuanze na marehemu Simeon Nyachae, kwa sababu hakuna maisha ya kisiasa yanayotufundisha zaidi ya yake, na kwa sababu wengi wetu tulimfuata. Mwana huyu wa Chifu Musa Nyandusi alikulia katika utawala. Alikuwa Mkuu wa Mkoa katika Bonde la Ufa na katika Mkoa wa Kati, akapanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa Serikali na kiongozi wa utumishi wa umma. Alipostaafu akataka kugombea ubunge mwaka 1988, KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati ule, kilimzuia. Hata hivyo, mwaka 1992, vyama vingi viliporejea, hakujiunga na upinzani. Aligombea Nyaribari Chache kwa tiketi ya chama kile kile kilichomfungia mlango, akashinda na kuwa Waziri wa Kilimo.

Hatusemi haya kwa kumdharau. Alipopewa Wizara ya Fedha mwaka 1998 alisema wazi kwamba Serikali inatumia kupita uwezo wake, na walioiba hawakumpenda kwa hilo. Mwezi wa Februari 1999 alipohamishiwa wizara ya maendeleo ya viwanda, alijiuzulu badala ya kuikubali. Mawaziri wa Kenya waliojiuzulu kwa hiari yao ni wachache, na siku ile alistahili heshima aliyopewa na watu wake. Lakini msomaji aangalie jambo moja ambalo sisi mawakili hatuwezi kulipita: aliiacha wizara, hakuiacha KANU. Aliendelea kuketi Bungeni kama mbunge wa chama alichokipinga kila wiki. Kwa nini? Jibu limo katika Kifungu cha 40 cha Katiba ya zamani.

Kifungu hicho kina historia ya aibu. Mwezi wa Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja, na wabunge wake wote wakavuka hadi KANU pamoja na viti vyao. Hakuna aliyeambiwa arudi kwa wapiga kura. Mwezi wa Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kuunda KPU, Katiba ilibadilishwa kwa haraka ya ajabu ili kila aliyehama apoteze kiti chake. Uchaguzi mdogo wa mwaka ule uligusa viti 29, na KPU ikaambulia tisa. Kwa hiyo sheria yetu ya kuzuia kuhama haikuzaliwa kwa ajili ya kumlinda mpiga kura. Ilizaliwa ili kulifunga lango la kutokea, huku lango la kuingilia likiachwa wazi. Baada ya mwaka 1992 tuliona matunda yake: mbunge wa upinzani aliyenunuliwa alijiuzulu, akarudi kwa watu wake akiwa na tiketi ya KANU na nguvu za Serikali nyuma yake, na sheria ikawa imetimizwa.

Rudi sasa kwa Nyachae. Mwaka 2002 alikuwa pamoja na viongozi waliokusanyika kumpinga Rais Moi na mrithi wake. Tarehe 14 Oktoba, katika Bustani ya Uhuru, Raila Odinga akatamka «Kibaki Tosha», na mambo yakaisha kabla ya mgombea kuchaguliwa kwa utaratibu wowote. Nyachae alikataa, na hapo alikuwa na hoja ya haki, maana mageuzi tuliyoyapigania hayakukusudia kubadilisha kidole cha mtu mmoja kwa kidole cha mwingine. Alisimama kwa tiketi ya Ford-People. Nchi nzima alipata chini ya asilimia sita ya kura za urais, lakini Gusii ilimpa kila kitu: viti vyote kumi vya ubunge vilikwenda Ford-People, kati ya 14 ambavyo chama hicho kilipata kote nchini. Hata George Anyona, aliyewekwa kizuizini zaidi ya mara moja kwa ajili ya uhuru tunaoutumia leo, aliangushwa na wimbi hilo katika Kitutu Masaba.

Tukae kidogo na Anyona, kwani vijana wetu hawamjui. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi walijaribu kuunda chama cha pili. Serikali ilimweka kizuizini, kisha ikaandika Kifungu cha 2A kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991, Anyona alianzisha Kenya Social Congress, chama kidogo mno, akakibeba hadi Bungeni mwaka 1992 na tena mwaka 1997. Alikuwa mgumu, aliwachosha rafiki zake, na wanamageuzi wengi walimlaumu kwa kushiriki mazungumzo ya IPPG mwaka 1997 wakati wengine walidai katiba mpya kamili. Lakini mpiga kura wa Kitutu Masaba alijua amemchagua nani, na ndiye aliyempata. Alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003, hata mwaka mmoja haujapita tangu watu wake wamwache kwa ajili ya wimbi.

Wimbi lenyewe lilikwenda wapi? Tarehe 30 Juni 2004 Rais Kibaki aliunda kile alichokiita Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Nyachae akawa Waziri wa Nishati. Mchukue mpiga kura wa Keumbu, mwanamke aliyepanga foleni tangu alfajiri tarehe 27 Desemba 2002. Alikataa KANU, akakataa na NARC, akachagua wa tatu. Miezi 18 baadaye mbunge wake ni waziri wa NARC, na hakuna aliyemuuliza neno. Je, Kifungu cha 40 kilivunjwa? Hapana! Hakuna aliyejiuzulu chamani. Chama kizima kilihamishwa na kiongozi wake kama mtu anavyohamisha ng'ombe kutoka malisho haya hadi yale. Sheria inakataza kuhama kwa rejareja na kuruhusu kuhama kwa jumla.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule India, katika jimbo la Haryana, mwaka 1967 mwanasiasa aitwaye Gaya Lal alibadilisha chama mara tatu katika majuma mawili, na jina lake likawa methali ya nchi nzima. Mwaka 1985 Wahindi wakaingiza katika Katiba yao marufuku ya kuhama, lakini wakasema theluthi moja ya wabunge wa chama wakitoka pamoja, hilo ni mgawanyiko halali. Wanasiasa wakajifunza kuhesabu theluthi. Mwaka 2003 ruhusa hiyo ikafutwa, ikabaki ile ya theluthi mbili wanaojiunga na chama kingine. Wanasiasa wakajifunza hesabu mpya.

Na sisi? Katiba ya 2010, Ibara ya 103, inasema mbunge akijiuzulu kutoka chama chake hupoteza kiti, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 ikaongeza kwamba anayeendeleza hadharani maslahi ya chama kingine huhesabiwa kuwa amejiuzulu. Maneno mazuri. Lakini sheria hiyo hiyo inaacha nje vyama vilivyoungana au kuingia muungano, na lango la jumla likabaki wazi kama zamani. Mwezi wa Julai 2024 vigogo wa ODM walipoteuliwa kuingia katika Baraza la Mawaziri la Rais Ruto, wazee wetu waliokumbuka Juni 2004 hawakushangaa. Ibara ya 104 inatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha, lakini hatujaona mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo, kwa kuwa Bunge liliizungushia masharti mazito ambayo baadhi yake Mahakama Kuu iliyabatilisha mwaka 2017.

Hatuamini kwamba kila anayehama ni msaliti. Chama kikigeuka dhalimu, kukihama ni wajibu, na waliotoka KANU mwaka 1991 tuliwapokea kwa furaha. Tena kuna kuhama kwa uwazi: Chris Obure, aliyekuwa waziri wa KANU, aliangushwa Bobasi mwaka 2002, akarudi Bungeni kwa ODM mwaka 2007, akawa seneta wa Kisii kwa chama hicho mwaka 2013, na mwaka 2017 akagombea ugavana kwa Jubilee akashindwa. Mtu aweza kuuliza anaamini nini, lakini kila mara aliwakabili wapiga kura na tiketi yake mkononi, nao wakaamua. Nyachae mwenyewe alikabiliwa na hesabu hiyo Desemba 2007, alipoangushwa Nyaribari Chache na Dkt. Robert Monda wa NARC. Alifariki Februari 2021. Walimngoja miaka mitatu na nusu ili wamjibu kuhusu Juni 2004.

Tunalodai katika marekebisho ya sheria ni hili: chama au muungano ukivuka kutoka upinzani hadi Serikalini katikati ya muhula, mbunge wake anayechukua uwaziri au cheo chochote cha Serikali arudi kwanza kwa wapiga kura wake. Najua wapo watakaosema uchaguzi mdogo ni ghali. Ni ghali, lakini mbunge asiyetaka gharama hiyo anaweza kubaki alikowekwa.

Sheria hiyo haitaandikwa na wanaofaidika na lango wazi, isipokuwa wakisukumwa. Kwa hiyo, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi, mgombea atakapokuja na mchango wake kabla ya Agosti 2027, msimpe kipaza sauti mpaka ajibu mbele ya waumini: chama chako kikiitwa Ikulu, utakuja kutuuliza kwanza? Jibu lake liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za kanisa, pamoja na tarehe na sahihi yake. Na kila mmoja wetu achunguze kwa Msajili wa Vyama jina lake limeandikwa katika chama gani, maana mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.