Vitu vya askari ndani ya nyumba zetu

Katika nyumba nyingi kuna sanduku la babu: medali, vifungo vya shaba, mkanda, pengine kofia nyekundu ya Force Publique. Askari hao wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mwaka wa 1941 walipigana kule Saïo, Ethiopia. Wanawake pia walifuata askari njiani, wakipika na kubeba mizigo. Leo nani anajua majina yao?

Kukusanya vitu hivyo ni mchezo mzuri kwa watoto wetu, na historia inaingia kichwani kuliko tarehe za ubaoni. Tufunge kila kitu katika kitambaa kikavu cha pamba, tusikisugue na mchanga ao majivu. Kisha mtoto aketi na mzee, aandike katika daftari: kilikuwa cha nani, alikipata wapi, nani alibaki na watoto nyumbani. Mnunuzi akikuja, tusiharakishe kuuza. Medali isiyo na jina ni chuma tu.

Lakini risasi, grenadi na mabomu yanayookotwa mashambani si vya kukusanya. Hata vikiwa na kutu, vinaweza kulipuka. Mtoto akiona kimoja, asikiguse wala asikitupie jiwe. Arudi kwa njia ile ile aliyokuja nayo, aite mtu mkubwa, na chifu wa kijiji aarifiwe.

Juma hili, tufungue sanduku pamoja nao, na tuwaonye kabla hawajaenda shambani.