Mvumilivu anakula nini kabla tunda halijaiva?

Leo naomba nizungumze na wewe ambaye huumwi, hujafiwa wiki hii wala hujafukuzwa kazi, lakini umechoka.

Wiki chache zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alibaki kwenye benchi wakati wenzake wakiwa nje kwenye mnada wa sadaka. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 48. Nilidhani ana ombi maalumu. Akaniambia, "Mchungaji, sina tatizo jipya. Nimechoka tu." Mtoto wake wa kwanza yuko chuo na mkopo alioupata hautoshi. Wa pili yuko kidato cha nne. Mama yake mzazi alipata kiharusi mwaka juzi, anaishi naye, na usiku lazima aamke kumgeuza. Nyumba anayojenga imesimama kwenye lenta, huu ni mwaka wa sita. Kikoba kinamdai. "Imani ninayo," alisema. "Ninachokosa ni nguvu ya kuamka Jumatatu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia avumilie, kwa kuwa mvumilivu hula mbivu. Nikamwombea, nikamhakikishia kwamba Mungu atafungua mlango mwaka huu huu. Akasema amina, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Aliondoka na uchovu wake kama alivyokuja nao.

Tangu siku hiyo methali ile inanisumbua. Tunajua mvumilivu atakula nini tunda likiiva. Hatusemi anakula nini leo, tunda likiwa bado bichi. Maneno haya ni jibu nililopaswa kumpa mwalimu yule, na huenda nawe unalihitaji.

Ukiwa mtu wa makamo, unajikuta umesimama katikati. Nyuma yako kuna wazazi ambao sasa wanakutegemea. Mbele yako kuna watoto ambao bado hawajajitegemea. Mwili umeanza kukudai: macho yanataka miwani, goti linalia ukipanda ngazi, daktari anakutajia presha na sukari. Kazini umeshajua kwamba baadhi ya vyeo havitakufikia. Kama ni mtumishi wa umma, umeanza kuhesabu miaka iliyobaki kufika 55 au 60. Hakuna tukio kubwa la kumwambia mtu. Kuna Jumatatu, kisha Jumanne, kisha mwisho wa mwezi.

Sisi wahubiri hatujawatendea haki watu wa umri huu. Kila Januari tunautangaza mwaka: mwaka wa kuvuka, mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kicheko. Kijana wa miaka 22 anaweza kuishi kwa ahadi ya namna hiyo. Lakini mtu aliyesikia Januari 25 za aina hiyo, na nyumba yake bado ipo kwenye lenta, anaanza kujiuliza kama kasoro ni yake. Anapokuja na uchovu wake tunamwambia aongeze maombi, aje kwenye mkesha. Mtu asiyelala tunamwalika asilale tena. Naamini tumekosea. Uchovu si dhambi, na si dalili kwamba mtu amemwacha Mungu.

Tumtazame Kalebu mwana wa Yefune. Tunamkumbuka kwa siku mbili za maisha yake. Siku ya kwanza ana miaka 40. Ametumwa pamoja na wenzake 11 kuipeleleza Kanaani. Wapelelezi kumi wanarudi na hofu. Yeye na Yoshua wanasema nchi ile inawezekana kuichukua. Siku ya pili ana miaka 85. Anasimama mbele ya Yoshua kule Gilgali na kuidai nchi ya milima ya Hebroni aliyoahidiwa, akisema nguvu zake hazijapungua tangu siku ile. Habari hizo ziko katika Hesabu sura ya 13 na 14, na Yoshua sura ya 14. Tumezihubiri sana.

Lakini kati ya miaka 40 na 85 ipo miaka 45. Huo ndio umri wake wa makamo, tena na zaidi. Katika muda huo wote Biblia inamtaja kwa jina mara chache tu, na haisimulii alichokuwa akifanya siku kwa siku. Tunachojua ni hali aliyoishi. Kumbukumbu la Torati 2:14 linatuambia kwamba tangu Kadesh-barnea hadi kuvuka kijito cha Zeredi ilipita miaka 38. Kalebu alitembea jangwani miaka yote hiyo kwa kosa lisilo lake. Wengine waliogopa, yeye akalipa pamoja nao.

Msomaji wangu, huenda hapo umejiona. Unalipa mkopo uliomdhamini ndugu aliyetoroka. Unalea watoto wa marehemu dada yako. Unabeba ndoa ambayo mwenzako aliiacha miaka mingi iliyopita, ingawa bado mnalala nyumba moja. Hukulichagua jangwa hilo, lakini ndimo unamotembea.

Zaidi ya hapo, Kalebu alizika. Hukumu ilikuwa kwamba wote waliohesabiwa, kuanzia miaka 20 na kuendelea, wangeishia jangwani isipokuwa yeye na Yoshua. Maana yake rika lake lote liliondoka. Watu aliocheza nao utotoni, waliofyatua naye matofali Misri, aliwasindikiza mmoja baada ya mwingine. Nawe unajua hali hiyo. Zamani simu ya usiku ilikuwa ya msiba wa babu au bibi. Siku hizi ni ya mtu mliyekaa naye dawati moja.

Sasa mtu huyu alipataje kufika miaka 85 akiwa bado anataka mlima? Ahadi ya Hebroni alikuwa nayo moyoni, lakini ahadi haikumshibisha. Alichokula ni mana. Kila asubuhi, siku sita za juma, alitoka hemani na kuokota chakula cha siku hiyo. Piga hesabu: kwa miaka 38 ni karibu asubuhi 12,000 za kuinama na kuokota. Hapo ndipo ilipotoka nguvu yake ya miaka 85. Mungu hakumpa akiba ya miaka 45 siku ile ya Kadesh. Alimpa ya siku moja, akampa tena kesho yake.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mana, kibaba kilijaa asubuhi na jioni kikawa kitupu, na hilo halikuwa kosa. Ndivyo ilivyopangwa. Kama Ijumaa jioni umeishiwa nguvu kabisa, haina maana kwamba umeshindwa maisha. Huenda umetumia yote uliyopewa kwa siku hiyo.

Kutoka sura ya 16 inaeleza masharti ya mana, na ndani yake naona mambo manne kwa ajili yetu.

Kwanza, okota ya leo. Waliojaribu kulaza mana hadi kesho waliikuta ina mabuu na inanuka. Sisi tunalaza hofu. Saa nane za usiku tunalipa ada ya mwaka kesho, tunamzika mzazi ambaye bado anapumua, tunastaafu bila senti. Kupanga ni wajibu. Andika madeni yako, weka akiba, jua tarehe zako. Lakini ukishapanga, iulize siku moja tu: leo natakiwa kufanya nini? Pengine ni kusahihisha madaftari ya darasa moja, kumpeleka mama kliniki, kumpigia simu mdai na kumweleza ukweli. Fanya hilo. Nguvu ya kesho haijatolewa bado, na usishangae kuikosa leo.

Pili, okota kwa ulaji wako. Imeandikwa kwamba aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Katika umri huu tunaumizwa sana na pishi la jirani. Kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, mmoja anaweka picha ya gari jipya, mwingine mahafali ya mwanawe ng'ambo. Unaweka alama ya pongezi, kisha unazima simu na kutazama dari. Hujui yeye analala saa ngapi, wala hujui ana watu wangapi hemani mwake. Umepewa kwa kadiri ya nyumba yako.

Tatu, pumzika bila kuomba radhi. Siku ya sita iliokotwa mara mbili, na siku ya saba hapakuwa na cha kuokota. Pumziko liliwekwa ndani ya utaratibu wa chakula chenyewe. Na kama umeshafika chini kabisa, msome Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii aliyekuwa ameshusha moto Karmeli alilala chini ya mti akaomba kufa. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala kumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, Eliya akiwa ameshakula na kulala. Kwa hiyo pima presha yako. Kunywa dawa ulizoandikiwa. Na kama huzuni haikuachii kwa majuma mengi, hulali, huli, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, mwambie mtu leo na uende hospitali. Sonona ni ugonjwa unaotibika. Kwenda kwa daktari hakumwondolei Mungu sifa.

Akina baba, hapa nawasihi ninyi hasa. Tumelelewa kwamba mwanamume halii. Wengi wetu tunanyamaza hadi siku tunapoanguka bafuni, ndipo familia inajua tulikuwa tunaumwa.

Nne, usiokote peke yako. Kalebu alikuwa na Yoshua, mtu mmoja aliyeiona nchi ile kama yeye na kuikumbuka kama yeye. Hapo kanisa lina kazi ambayo mahubiri peke yake hayawezi kuifanya. Ndugu zetu Wakatoliki wa ukanda huu walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na madhehebu mengine tuna vikundi vya mitaa na vya nyumba kwa nyumba. Tunavitumia vizuri msiba ukitokea: tunachanga, tunapika, tunalala matanga. Lakini kwa nini tungoje mtu afe ndipo tumpikie? Aliye hai na amechoka naye anahitaji sufuria ya wali iliyoletwa mlangoni siku ya Alhamisi.

Narudi kwa mwalimu wangu. Jumamosi moja mke wangu na mimi tulimtembelea, tukamwomba radhi kwa jibu nililompa. Mke wangu akamwambia, "Mwalimu, leo mimi nitakaa na bibi. Wewe nenda ukalale." Alikataa mara mbili, kwa adabu. Mara ya tatu akaenda. Alilala tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na alipotoka chumbani alikuta bibi ameshaogeshwa, anacheka na wageni. Sasa akina mama watatu wa mtaa wanapokezana Jumamosi.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Nyumba iko palepale kwenye lenta. Kikoba bado kinadai. Lakini juzi aliniambia ameanza tena kupita kiwanjani jioni, akitoka shuleni, kuangalia tofali zake. Kwa muda mrefu alikuwa akizunguka njia nyingine ili asizione. Nilifurahi kusikia hivyo. Kalebu asingeidai Hebroni akiwa na miaka 85 kama asingekuwa ameitazama kwa moyo miaka yote ile. Tena alipoipata ilikuwa bado ina majitu na miji yenye maboma, na kazi ikaanza upya.

Nawe una Hebroni yako. Labda ni nyumba, labda ni kozi uliyoiacha, labda ni kupatana na mwanao. Usiuze kiwanja hicho moyoni mwako kwa sababu umechoka wiki hii. Mungu aliyekuahidi mbivu ndiye anayetoa mana wakati tunda likiwa bichi. Kesho ni Jumatatu. Umepewa ya Jumatatu.

Na kama wewe leo una nguvu, usiimalizie kwenye mnada wa sadaka. Angalia kwenye benchi, yupo aliyebaki.

Tuombe: Baba wa mbinguni, waangalie wanao walio katikati ya safari. Wape usingizi usiku huu na nguvu za kesho asubuhi. Waliobeba mizigo ya wengine, wape mtu wa kuwapokea. Sisi tunaohubiri, tufundishe kuleta mkate kabla ya maneno. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.