Maprodyuza, mnatanua nini wakati sauti inapotea?

Wadau, leo naomba niwaseme maprodyuza wetu wa Bongo. Najua wengine ni marafiki zangu na watanipigia simu kulalamika, lakini ukweli lazima usemwe. Kuna ugonjwa umeingia studio: kila kitu kinatanuliwa. Sauti ya mwimbaji inatanuliwa, gitaa linatanuliwa, hata besi nayo! Ukivaa hedifoni unajiona umesimama katikati ya uwanja wa mpira. Ukiupiga wimbo huohuo kwenye simu ya bei nafuu, mwimbaji kahama.

Hivi nani kawaambia kwamba Mtanzania anaishi ndani ya hedifoni? Nyimbo zetu zinasikilizwa kwenye simu zenye spika moja, kwenye redio ya mkulima shambani, kwenye kaspika ka bluetooth ka kinyozi, na kwenye baa ambako spika zote zimeunganishwa zitoe kitu kimoja. Huko hakuna kushoto wala kulia. Pande mbili zinajumlishwa kuwa moja, yaani mono, na hapo ndipo hesabu inapokataa.

Nieleze taratibu, maana wengine wanadhani ni uchawi. Sauti ni mawimbi. Mawimbi mawili yakipanda pamoja yanasaidiana. Moja likipanda wakati jingine linashuka, yanafutana. Mbinu maarufu ya kutanua ni kuweka sauti ileile kushoto na kulia, halafu upande mmoja unacheleweshwa kidogo. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba nakala ikichelewa kwa milisekunde chache tu, sikio halisikii mwangwi. Linasikia sauti moja iliyojaa. Safi. Lakini zijumlishe nakala hizo mbili zikiwa na nguvu sawa, moja imechelewa milisekunde 10: masafa ya 50 Hz, 150, 250, 350 na kuendelea yanafutika. Sauti inabaki na matundu kama chekeche, na mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya bomba. Mbinu mbaya zaidi ni kuligeuza wimbi la upande mmoja juu chini. Likijumlishwa na mwenzake, jibu ni sifuri. Kimya!

Wala hili si jambo jipya. Redio ya FM ya stereo hurusha jumla ya kushoto na kulia, halafu na tofauti ya pande hizo. Redio ya mono huchukua jumla peke yake. Kwa hiyo chochote mlichokificha kwenye tofauti, mwenye redio hiyo hakipati. Enzi za santuri, mafundi waliikusanya besi katikati, kwa sababu besi inayovutana kushoto na kulia ingeweza kuirusha sindano. Nyie mnaitawanya besi kwa sababu programu ina kitufe kinachong'aa!

Sasa nani anaumia? Mwaka jana kijana mmoja aliniletea wimbo wake nimwandikie habari. Nikausikiliza kwenye simu: biti ipo, kiitikio kinasikika kwa mbali kama jirani anaimba bafuni. Nikavaa hedifoni, kiitikio hiki hapa, kitamu kabisa. Kijana alikuwa ameshalipa studio hela yake yote. Fikirieni wimbo kama huo ukifika kwa mtangazaji mwenye haraka, anayeusikiliza kwenye simu kwa nusu dakika. Atasema dogo hana sauti. Hatasema prodyuza kaifuta. Prodyuza kalipwa na yuko na mteja mwingine.

Najua mtajibu kwamba siku hizi watu wana hedifoni, na kwamba wimbo usiotanuliwa unasikika mdogo ukiwekwa pembeni ya nyimbo za nje. Sikatai. Tanueni vinanda vya nyuma, tanueni waitikiaji. Lakini sauti inayobeba maneno, kiki na besi viacheni katikati. Na mkumbuke kwamba Pet Sounds ya Beach Boys, ya mwaka 1966, Brian Wilson aliimiksi kwa mono, na hadi leo watu wanaisikiliza kwa heshima. Ukubwa wa wimbo hautokani na upana peke yake.

Na kama mnataka sauti nene, mwambieni mwimbaji aimbe tena! Mwaka huohuo wa 1966, fundi Ken Townsend wa studio za Abbey Road alibuni mtambo wa kurudufu sauti, kwa kuwa Beatles walikuwa wamechoka kuimba kila kitu mara mbili. Yaani mtambo ulikuja kuiga jasho la mtu. Mtu akiimba mara mbili, hatapatia pumzi na mapigo yaleyale, kwa hiyo sauti zile mbili hata zikijumlishwa hazifutani kwa mpangilio kama nakala za kompyuta. Inagharimu dakika kumi. Tatizo letu ni uvivu, tunauita teknolojia.

Ombi langu ni dogo. Kabla hujampa msanii kazi yake na kuhesabu hela, bonyeza mono, kisha mpigie wimbo kwenye simu yake mwenyewe. Kama maneno hayasikiki, kazi haijaisha. Na wewe msanii, usitoke studio kabla hajafanya hivyo. Hela ni yako.

Nawasilisha.