Karamu, Kibali na Mganda

Wapo miongoni mwetu wanaotaka sheria ipige marufuku karamu zote za watu binafsi katika majengo yaliyohifadhiwa. Ati harusi huzitia kuta doa. Nawapinga, na ushahidi nautoa mbali na visiwa vyetu: Mbinga, na ule ufuko wa Ziwa Nyasa uliomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 ukawa Wilaya ya Nyasa.

Huko hakuna hifadhi ya taifa. Lipo Pori la Akiba la Liparamba, upande wa mpaka wa Msumbiji, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, imtakayo mtu awe na kibali cha maandishi ndipo aingie. Ni sawa kwa mwenye bunduki na mtego. Walakini sheria iliyotungwa kumzuia jangili haijui kumpokea bwana harusi, seuze mcheza ngoma.

Na ngoma yenyewe si ngeni kwetu. Mganda wa Wanyasa ni jamaa wa beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, ikapandishwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. (Vita hivyo vililifikia ziwa mapema mno: Agosti 1914, Liuli, Waingereza waliipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu inatengenezwa.) Wanaume hucheza mganda, wanawake kioda. Kikundi cha kijiji kimoja hukialika cha kijiji kingine, kikakilisha na kukilaza. Je, hiyo ni shughuli binafsi? Karani wa ada ataiita hivyo: ina mwenyeji, ina wageni, haina mhuri wa serikali. Basi siku jengo la pori litakapofunguliwa kwa karamu, mganda utalipa sawa na mtalii aliyekodi kambi nzima, ama ubaki nje ya lango. Marufuku nayo itawafukuza wote wawili, kisha iitwe uadilifu.

Tutazame kwetu. Ngome Kongwe, zama za Waingereza, iliwahi kuwa klabu ya tenisi ya mabibi: starehe ya wachache ndani ya nyumba ya wote. Mwaka 2004 Sauti za Busara ilianza kupiga muziki humo, na miaka ikapita kuta zimesimama. Jirani yake, Beit al-Ajaib, iliyofungwa isipigwe hata zumari, ndiyo iliyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ikaua mafundi.

Ninachokidai ni kifungu kimoja kilicho wazi. Jengo la umma lisikodishwe kwa siri ya ofisa mmoja. Siku itangazwe vijijini, bei ibandikwe mlangoni, na kijiji kinachoalika mganda kisiandikwe katika daftari moja na wakala wa harusi.