Kura isiyoaminika humwumiza mkulima kwanza

KATIKA nchi ambayo jamii zake zinatazamana kwa mashaka, uchaguzi si suala la wanasiasa peke yao. Matokeo yasipoaminika, wa kwanza kulipa gharama ni mkulima na mfanyabiashara mdogo. Kenya ilijifunza hilo kwa uchungu baada ya Uchaguzi Mkuu wa Desemba 27, 2007.

Matokeo yaliyotangazwa siku tatu baadaye yalimpa Mwai Kibaki ushindi wa kura takriban 230,000 dhidi ya Raila Odinga. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Katika Bonde la Ufa, ghala la chakula la nchi hiyo, mahindi yaliteketezwa, na msimu wa kupanda ulipofika wakulima wengi walikuwa bado kambini.

Hasara haikuishia Kenya. Barabara ziendazo bara kutoka Mombasa ziliwekewa vizuizi, reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Uganda, Rwanda na Burundi. Uchumi wa Kenya uliokua kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilibaini kuwa ujumlishaji wa kura ulivurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Kasoro zilianza mapema. Daftari la wapiga kura lilikadiriwa kuwa na majina milioni 1.2 ya marehemu. Makamishna wengi wa uchaguzi waliteuliwa na Rais bila kuushirikisha upinzani, kinyume na makubaliano ya mwaka 1997.

Mfanyabiashara wa nafaka analielewa hili. Mzani ukishatiliwa shaka, hata kipimo sahihi huzua ugomvi.

Kenya imerekebisha mengi tangu hapo. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, ingawa watu kadhaa walipoteza maisha katika vurugu za mwaka huo. Mwaka 2022, fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye intaneti ili kila anayetaka ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, lakini mgogoro uliamuliwa mahakamani.

Hata hivyo, tume hiyo ilikaa bila mwenyekiti kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Hapo ndipo penye udhaifu. Mitambo hununuliwa kwa fedha, lakini imani hujengwa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama soko litakuwa salama baada ya kura asihesabu mikutano ya kampeni. Aangalie nani kateua tume, daftari limesafishwa lini, na kama matokeo yanabandikwa kituoni.